Mke wangu asema sato ananuka tope

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mwanaume wa miaka 36, mzaliwa wa Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria. Nafanya kazi Dar es Salaam na tunaishi Tabata, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka miwili. Mke wangu ni mtu wa Pangani. Tunapendana, hatujawahi kufikishana kwa wazee, na hata pesa hatugombanii. Kinachotugombanisha ni samaki. Najua wapo watakaosema hili ni jambo dogo, lakini huu ni mwezi wa pili nyumbani kwangu hakuingii samaki wa aina yoyote, na mke wangu hataki tena kutoka nami kwenda kula.

Kwetu sisi samaki ni sato. Baba yangu alikuwa mvuvi. Usiku wa giza alitoka na karabai kuvua dagaa, na mwezi ukiwa mkubwa alitega nyavu za sato. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye mtumbwi ule. Nikimla sato na ugali wa udaga, kwa mikono, kichwa nikakinyonya mpaka mifupa ikabaki myeupe, huwa najisikia nimefika nyumbani. Kwa hiyo nikipokea mshahara, jambo la kwanza ni kumtoa mke wangu Jumamosi jioni twende mahali wanapochoma sato. Mwaka wa kwanza wa ndoa yeye aliagiza chipsi kuku. Nikadhani ni haya ya bibi harusi. Mwaka wa pili, chipsi kuku. Mwaka wa tatu nikaanza kuudhika, maana meza za jirani mtu na mkewe wanachangia samaki mmoja, sisi kila mtu na sahani yake kama abiria waliokutana stendi.

Nyumbani anapika samaki wa kwao: changu, tasi, kibua, mara nyingine papa mkavu. Papa akiingia jikoni mimi hutoka nje. Changu namla kidogo kwa ajili ya amani, ila shombo linabaki vidoleni mpaka kesho yake nikiwa kazini. Nikiri kwamba supu ya pweza nakunywa, kila Ijumaa na wenzangu tukitoka kazini, lakini ile naihesabu kuwa supu tu.

Sasa tukio lenyewe. Baba yangu mdogo alikuja kutoka Ukerewe kwa matibabu. Ndiye aliyenilea baba alipofariki. Alishuka kwenye basi na deli limejaa barafu, ndani sato sita na kipande cha sangara. Mke wangu alimpokea vizuri sana, akaingia jikoni, akampika sato kwa nazi, wa kupaka, vilevile anavyompika changu. Baba mdogo alikula kidogo akasema ameshiba. Niliona aibu. Kwetu sato mzuri huchemshwa chukuchuku, umsikie mwenyewe, nazi inamfunika.

Nikaamua kurekebisha. Jumapili nikawatoa wote wawili tukaenda mkahawa mmoja wa ufukweni. Mhudumu alipokuja nikaagiza sato watatu wa kukaanga na ugali. Mke wangu akaninong'oneza kwamba angependa ngisi, au changu wa kuchoma, kwa kuwa tumefika baharini. Nikamwambia mhudumu, "Mletee sato, atazoea tu." Nilisema kwa kucheka. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, nami niliona miaka mitatu ya ndoa bado ni ubichi.

Sahani zikaja. Alidonoa mara mbili akaacha. Baba mdogo akamuuliza, "Vipi mwanangu, mbona huli?" Akajibu, "Baba, nisamehe, huyu samaki ananuka tope." Mama Mkubwa, mzee alinyamaza, naye akaacha kula. Mimi nikapandwa na hasira, nikamwambia mke wangu mbele yake kwamba watu wa pwani wamezoea shombo ndiyo maana hawamjui samaki msafi. Hakuna aliyefungua kinywa mpaka tunafika nyumbani. Baba mdogo alisafiri Jumanne.

Tangu siku ile tunakula maharage, nyama, mchicha, mayai. Nikimwambia tutoke, ananijibu niende na wenzangu. Nimemnunulia kitenge. Akakipokea, akasema asante, akakikunja kabatini.

Naomba unijibu. Ni kweli sato ananuka tope, au ni maringo ya watu wa pwani? Nifanyeje mke wangu ajifunze kumla? Nani amwombe radhi mwenzake? Na je, kumpika sato kwa nazi si kumharibu?

Mwana wa Ukerewe, Tabata

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimesimama pale pa mhudumu. Mkeo alikunong'oneza. Hakumwita mhudumu akakupita wewe. Alikuinamia sikioni akakuambia anachotaka kula, ili mbele ya baba yako mdogo uonekane wewe ndiye uliyeagiza, nyumba ina mwenyewe. Hivyo ndivyo alivyofundishwa kwao kumheshimu mume mbele ya wakwe. Wewe ukaichukua ile siri ukaitangaza, ukaongeza na kicheko. Angekuwa na ngisi wake sahanini, mzee asingekuwa na sababu ya kumuuliza kwa nini hali, na neno la tope lisingetoka.

Na hiyo methali uliyoishika tunaisema katika malezi ya mtoto. Binti yenu wa miaka miwili ndiye aliye katika umri wa kukunjwa. Mama yake ulimwoa mtu mzima, na ulimi wake ulikwisha kukunjwa na mama yake huko Pangani kabla hujalijua jina lake.

Umeniuliza kama sato ananuka tope kweli. Wakati mwingine ndiyo. Mimi nimezaliwa Bagamoyo nikaolewa na mwalimu, na mwaka 1983 akahamishiwa Musoma, tukakaa miaka saba, kwa hiyo hili nimelisikia kwa pua yangu. Ipo harufu ambayo wataalamu wanaiita jiosmini. Inatengenezwa na bakteria na baadhi ya mwani wanaoishi udongoni na kwenye maji baridi. Ndiyo ile ile tunayoisikia na kuifurahia mvua ya kwanza ikigusa vumbi. Samaki huivuta kwa matamvua na kwa ngozi, ikaenda kutulia kwenye mafuta yake. Samaki wa bwawani na wa maji yaliyotulia huwa nayo zaidi kuliko yule wa maji ya wazi. Pua ya binadamu huinasa hata ikiwa kidogo mno, na watu hatulingani: mmoja inamkaba kooni, mwenzake aliyekaa ubavuni mwake hasikii kitu. Wewe uliyekulia humo hata ikiwepo hutaihesabu. Mkeo anaihesabu kwa sababu hakukua nayo. Hapo hakuna maringo.

Halafu fikiria yule sato wa mkahawani alitoka wapi. Mwanza mpaka Dar es Salaam kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,000. Na si kila sato anayeuzwa Dar ametoka ziwani. Wapo wa mabwawa ya kufugia, na wamewahi kuwapo walioletwa kutoka nje ya nchi wakiwa wamegandishwa. Umemkalisha mtoto wa Pangani mbele ya bahari, upepo wa chumvi unampiga usoni, ukamletea samaki ambaye hata wewe hukuuliza alivuliwa lini. Mimi nina msimamo juu ya hili na sijaubadilisha tangu Musoma: ukiwa ufukweni kula wa ufukweni, ukiwa ziwani kula wa ziwani. Yule sato wa Ukerewe unayemkumbuka, aliyetolewa wavuni asubuhi akawa sufuriani saa sita, mkeo hajawahi kumwona. Mkeo anamjua sato wa Dar, na wale wa deli waliosafiri na basi.

Shombo lako nalo ni la kweli. Samaki wa baharini anaishi kwenye chumvi, na mwilini amejiwekea kitu kinachomwezesha kuihimili. Akishakufa, bakteria wanakigeuza kitu hicho kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Samaki wa ziwani anacho kidogo sana, ndiyo maana ulikua bila kulijua. Lakini changu aliyetoka majini alfajiri hana shombo la kumfukuza mtu jikoni. Unalolisikia Tabata ni saa alizokaa bila barafu, kwenye beseni, juani, mpaka akufikie. Papa mkavu ni jambo jingine, yule harufu yake ndiyo utamu wake kwa wanaompenda, na sikulazimishi. Nakumbusha tu kwamba miaka mitatu umekuwa ukitoka nje kila papa anapoingia jikoni, na mkeo hajawahi kumlalamikia mzee wenu yeyote.

Nikupe kisa cha Musoma, maana nimekitumia hata kwa wanangu. Mwaka wangu wa kwanza kule sikula samaki. Nilikuwa mjamzito, kila nikipita mwaloni natapika. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Bagamoyo kama mimi ila yeye alikula kila alichowekewa, na hakuwahi kuniambia nijaribu. Jirani yangu alikuwa mama wa Kijita. Siku moja akaniita jikoni kwake nimsaidie kumenya viazi, huku akimtengeneza ngege, samaki wa asili wa ziwa lile, wa jamii ya sato. Alitoa matamvua yote. Akaukwangua ule utando mweusi wa tumboni mpaka nyama ikaonekana. Akamchuna ngozi, jambo ambalo nilijua hawalifanyi siku zote, maana ngozi wanaipenda. Akamkamulia ndimu na chumvi, akamwacha nusu saa, akamsuuza, akarudia tena ndimu. Kisha nyanya, kitunguu, maji kidogo, moto mdogo. Akanikaribisha mara moja, nikasema nimeshiba, hakurudia. Nilikaa pale nikiwaangalia watoto wake wanavyokula. Wiki iliyofuata nilimfuata mwenyewe nikamwambia, "Mama, ukimpika tena niite."

Nikampenda ngege, mwanangu, nikampenda sana. Sangara sikumpenda, na mpaka leo simli. Nimejaribu wa kukaanga, wa kubanikwa kwa moshi, wa nazi. Mafuta yake yananishinda. Jirani yangu yule alijua kupika, lakini hata yeye kwa sangara aliniacha. Nakueleza hivi usije ukadhani ndimu itakumalizia kazi. Inapunguza tope, inaua shombo pia, ila haimfanyi mtu apende.

Na wewe unayemwita sato samaki wa kwenu, wazee niliowakuta kule ziwani hawakumwita hivyo. Wao samaki wao walikuwa ngege, nduguye mbiru, na wale samaki wadogo furu. Sato huyu unayemjua, na sangara pia, waliletwa na watu wakapandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sangara alipojaa, miaka ile ya 1980 niliyokuwa huko, nilishuhudia majirani wakimkataa. Furu ulimwanika juani akakauka. Sangara ukimwanika anachuruzika mafuta. Ikabidi wajifunze kumbanika kwa kuni na kumkaanga kwa mafuta yake mwenyewe. Furu, waliokuwa mamia ya aina, wakapungua na aina nyingi zikatoweka kabisa. Ngege naye akawa wa kutafutwa. Miaka ya 1990 vikaja viwanda vya minofu Mwanza, minofu ikapanda ndege kwenda Ulaya, na watu wa kawaida wakakaanga mapanki, yale mabaki ya vichwa na mifupa. Watu wa ziwa wamebadilisha samaki wao ndani ya umri wangu. Ila iliwachukua miaka mingi, na wapo vikongwe waliokufa bado wanamuulizia ngege.

Wewe mwenyewe unakunywa supu ya pweza kila Ijumaa. Pweza hatoki ziwani. Hukuzaliwa unampenda, na nina hakika hakuna mwenzako aliyemwambia muuzaji, "Mpe huyu pweza, atazoea tu." Ulimwona mwingine anakunywa, ukaonja kidogo, ukarudi tena Ijumaa ya pili kwa miguu yako. Mkeo naye apewe nafasi hiyo hiyo.

Kule Musoma nilikuwa na majirani Wasabato ambao hawakugusa kambale kwa kuwa hana magamba. Kijiji kizima kiliwaheshimu, wakialikwa arusini waliwekewa kitoweo chao. Imani ni sababu, na pua nayo ni sababu. Sioni kwa nini mtu aruhusiwe kukataa samaki kwa kitabu asiruhusiwe kukataa kwa harufu.

Sasa nije kwenye jambo lililoniuma zaidi katika barua yako. Umenieleza mimi habari za karabai, mtumbwi na ada ya shule. Mkeo umemweleza? Nimetafuta katika barua yote sijaona mahali umesema anajua. Kama hajui, basi alipotamka tope alikuwa anamsema samaki aliyeko sahanini, wa shilingi kadhaa, aliyekaangwa na mpishi asiyemjua. Wewe na baba yako mdogo mkasikia ametukanwa marehemu. Mweleze. Usimweleze siku ya kugombana wala siku ya kuomba radhi. Mweleze jioni ya kawaida, mtoto amelala: baba alitoka saa ngapi, alirudi na nini, mama alisimama wapi kumngoja, samaki yupi aliuzwa na yupi aliletwa nyumbani. Halafu muulize yeye za Pangani, nani alimfundisha kumkaanga tasi. Nadhani mtakuta hata nyinyi hamjawahi kuulizana.

Radhi inaanza kwako. Kitenge kimekunjwa kabatini kwa sababu hakikuja na neno. Mwambie: nilikosea kumwambia mhudumu akuletee usichokitaka, na nilikosea kuwatukana watu wa kwenu mbele ya baba. Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe", maana "lakini" ikiingia tu hasikii tena lililotangulia.

Naye anadaiwa neno na mkwe wake, sitamficha hilo kwa kuwa ni mwanamke mwenzangu. Chakula kilicholetwa kwa heshima ya mgeni hakitiwi doa mbele ya mgeni. Angeweza kusema tumbo halijatulia, mzee angeelewa, yaishe. Ila deni hilo usimdai wewe. Kazi yako ni kumpigia baba mdogo kwanza, umwambie kwamba ulimwagizia mkeo chakula asichokitaka baada ya yeye kukuomba kingine, na kwamba maneno ya shombo hayakuwa ya kusemwa. Mkeo akisikia umeanza wewe, simu ya kwake atapiga mwenyewe, na nadhani hatachelewa.

Kuhusu mzee, kuna kitu umekihukumu haraka. Alikuja kwa matibabu. Alisafiri kwenye basi kutoka Ukerewe, umri wake na ugonjwa wake. Akala kidogo, ukajua ni kosa la nazi. Ulimuuliza? Mgonjwa aliyesafiri mwendo ule hata angepikiwa chukuchuku na mama yake mzazi angekula kidogo. Ukampeleka tena mkahawani "kurekebisha" jambo ambalo labda halikuharibika, na mkeo aliyesimama jikoni akaelewa kwamba kazi yake imekataliwa. Alianza kuumia Ijumaa au Jumamosi ile, kabla hata hamjafika ufukweni.

Mkishapatana, Jumamosi moja msitoke jioni. Mwacheni mtoto kwa jirani, mwende soko la samaki la Feri mapema asubuhi, mnada ukiwa umechangamka. Mwache yeye achague, wewe ubebe kikapu. Utamwona anavyofanya, na ukimuuliza atakueleza: jicho liwe angavu na limetuna, lisiwe limezama na kuwa na ukungu, matamvua yawe mekundu, nyama ukiibonyeza kwa kidole irudi. Wapo vijana wa kupaa samaki hapo hapo, wapo na wa kukaanga. Muwale hapo hapo mkiwa wima, kwa vidole, na ndimu na pilipili. Ukimaliza nusa mikono yako. Ninaamini shombo unalolijua utalikosa, na kama utalisikia bado, basi na wewe nimekuelewa, utakula kidogo uache, na mkeo hatakutangaza.

Mkitoka jioni kwenda mkahawani, menyu impitie yeye kwanza. Ulizeni wote wawili ni samaki gani ameingia leo. Mahali pazuri watawaletea mumwone kabla hajapikwa, na pasipotaka kumwonyesha samaki agizeni kuku. Agiza sato wako, yeye aagize ngisi wake, kachumbari na ugali viwe katikati. Kila mtu na sahani yake si aibu hata kidogo. Mimi na marehemu tulikula hivyo miaka ishirini na mitatu, yeye na sangara wake, mimi nikimwondolea miiba kwa sababu macho yake yalikuwa mabovu. Kinyonye kichwa chako mpaka kiwe cheupe na wala usijizuie. Asipoonea haya mikono yako, na wewe usionee haya sahani yake. Usimkatie kipande ukamsogezea mdomoni. Akinyoosha mkono mwenyewe kwenye sahani yako, usipige kelele za ushindi, endelea na mazungumzo.

Likizo ikija mpeleke Ukerewe. Panda naye meli ya Nansio, afike, mama au shangazi zako wampikie sato wa asubuhi ile. Ikiwezekana waambie mapema wamchune ngozi na wasiipuuze ndimu. Akimpenda, vizuri. Asipompenda hata huko, basi hampendi, na usimuulize tena maishani. Atakaa nawe mezani hivyo hivyo.

Nimalizie na nazi. Kumpika sato kwa nazi si kumharibu, ila wa kupaka anataka mkono, na sato si changu. Nyama yake ni laini zaidi na ngozi inashika kwenye wavu. Mkeo amchanje pande zote, ampake chumvi, ndimu, tangawizi, kitunguu saumu na pilipili, amwache akae angalau nusu saa mpaka maji yamchuruzike, kisha amfute. Wavu uwe moto na umepakwa mafuta kabla samaki hajaugusa. Amchome mpaka akauke pande zote mbili ndipo tui zito lianze kupakwa, kidogo kidogo, akigeuza. Siku baba mdogo anaporudi na deli lake, sato watatu wawe wa kupaka na watatu wa chukuchuku, masinia yote mawili yafike mezani kwa pamoja na kila mtu ajipakulie. Tui nalo alichemshe peke yake na manjano mpaka lipungue na kuwa zito, ndimu aitie mwisho kabisa akishaepua. Ikitangulia, tui linakatika.